Sharti la Mkaguzi

Mzee Mkaguzi aliingia maktaba ya chuo saa tatu asubuhi ya Jumamosi, suti imenyooka, kofia mkononi, akawa anapita kati ya meza na kumtazama kila mwanafunzi usoni kama mtu aliyepotelewa na kitu. Mizania alimwona tangu mlangoni. Huyu ndiye mzee ambaye miezi mitatu iliyopita alimwacha amesimama sebuleni mwake na salamu mdomoni. Hakuitikia. Alimgeukia mwanawe tu, akasema, "Nilikutuma chuoni ukaniletee shahada, siyo mwanamke aliyeachika."

Mizania halikuwa jina lake la kuzaliwa. Alilibandikwa mwaka wa kwanza wa masomo ya uhasibu na fedha, siku mhadhiri alipojaza ubao mzima kwa mizania ya kampuni ya mfano, mali upande huu na madeni upande ule, pande mbili zikagoma kulingana, darasa zima likaduwaa. Yeye akainuka kutoka nyuma kabisa, akasema kwa sauti ndogo kwamba uchakavu wa magari umetolewa mara mbili. Mhadhiri akatazama, akafuta, akaandika upya. Pande zikalingana. Vijana wakapiga meza: "Mizania! Mizania!" Mwenyewe aliona haya. Alikuwa na miaka ishirini na minane, ametoka kwenye ndoa ya miaka saba bila mtoto wala asante, na wale waliokuwa wakimshangilia walikuwa bado wananunuliwa sabuni na mama zao.

Kijana wa kiti cha jirani hakupiga meza. Alimwinamia akanong'ona, "Samahani dada, huo uchakavu ndiyo nini hasa?"

Huyo ndiye Kobe. Aliitwa hivyo kwa sababu alikuwa akimaliza kunakili somo la kwanza wakati mhadhiri wa somo la pili ameshaingia. Mtoto wa pekee wa Mzee Mkaguzi, aliyekagua hesabu za watu miaka thelathini na mitano na hakuna aliyewahi kumpinga tarakimu. Mizania alimweleza Kobe uchakavu ni nini. Kesho yake akamweleza urari. Mwaka ukapita, wakawa na meza yao ghorofa ya pili ya maktaba, karibu na dirisha, yeye akieleza, Kobe akimchongea penseli na kumtazama, mpaka siku moja Mizania akanyanyua macho katikati ya riba na kugundua kwamba kwa dakika kumi nzima kijana hakuwa ameangalia kitabu hata mara moja.

"Unaangalia nini?"

"Naelewa," Kobe alijibu.

Hapo ndipo mapenzi yalipoanzia.

Sasa Kobe hakuwepo. Majuma matatu yaliyopita, asubuhi ya mtihani wa ukaguzi wa hesabu, kiti chake kilibaki kitupu, karatasi ya namba yake imebandikwa juu ya meza. Mtihani wa kodi ukafuata, kiti vilevile. Alimwandikia Mizania ujumbe mmoja tu: "Niko mzima. Nipe muda." Tangu hapo simu iliita mpaka ikachoka.

"Shikamoo, mzee," Mizania alisema, akisimama.

Safari hii iliitikiwa. "Marahaba. Naweza kukaa?"

Kulikuwa na kiti kimoja tu kitupu mezani, na kwa majuma matatu Mizania alikuwa hakubali mtu akikalie. Akakisogeza. Mzee akakaa, akaweka kofia juu ya goti.

"Sitakupotezea muda. Mwanangu yuko kwa mjomba wake, ndugu wa marehemu mama yake. Anatengeneza makochi."

"Makochi?"

"Makochi, binti. Sponji na misumari. Miaka mitatu nimemsomesha, aje kuwakalisha watu kwenye sponji!" Alisema kwa sauti, wasomaji wa meza za jirani wakageuka. Akashusha. "Nilidhani ni wewe uliyemtia maneno."

"Mimi sikujua hata alipo, mzee."

"Hilo nimelijua jana. Mjomba wake ameniambia kwamba simu yako ikiita, kijana anaishika mkononi, anaitazama mpaka inyamaze."

Mizania aliangalia chini. Aliogopa kwamba akipepesa macho, kitu kitadondoka juu ya kitabu mbele ya mzee huyu.

"Nimezungumza na ofisi ya mitihani," mzee aliendelea. "Ile miwili aliyokosa ataruhusiwa kuirudia, mradi afanye huu wa Jumatatu. Akiukosa huu nao, miaka yote mitatu imekwenda na maji. Mimi nimekwenda kule mara mbili, ananisalimia kwa adabu zote na kuendelea kugonga misumari. Wewe atakusikiliza."

"Sina hakika, mzee."

"Mimi ninayo." Akaigeuza kofia gotini. "Sikukutaka, na sijifichi. Umemzidi miaka sita, umeshaolewa ukaachika, na mimi nina mtoto mmoja. Lakini nisikilize. Mrudishe. Akikaa kwenye kile kiti Jumatatu asubuhi, nitakwenda mimi mwenyewe kwa mama yako. Nitabisha hodi, nitakaa, nitaomba. Na siku ya harusi nitakuita mwanangu mbele ya watu."

Alisimama, akavaa kofia. "Jioni nitakuwa nyumbani. Niletee jibu."

Mizania alibaki akitazama ukurasa uleule. Mwanangu. Miaka mitatu alikuwa akiishi katika chumba kimoja chenye dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Jumapili alikuwa na desturi ya kufua nguo hata zilizo safi, ili mikono ipate la kufanya. Wenzake darasani walimpenda kama watu wanavyopenda kamusi: walimfungua walipokwama, wakaelewa, wakamfunga. Kobe peke yake ndiye aliyewahi kumuuliza kama amekula. Na sasa mzee aliyemnyima salamu alikuwa amemwahidi nyumba nzima, kwa neno moja tu la kumwambia mtu anayempenda.

Alifunga vitabu, akaenda.

*

Karakana ya mjomba ilikuwa kwenye uchochoro nyuma ya maduka ya vipuri. Harufu ya gundi ilimpokea kabla hajafika. Nje kulikuwa na makochi matatu yaliyochunwa ngozi, mbao na springi nje. Mlangoni alisimama mzee mnene, futi ya kupimia imemzunguka shingo, amepandisha miwani kwenye paji la uso.

"Karibu, mama. Ni kochi au ni godoro?"

"Ahsante. Nimekuja kumwona... huyo." Alionyesha ndani.

Mjomba akashusha miwani, akamtazama vizuri. "Ahaa! Basi wewe ndiye ile simu."

Mizania hakujua acheke au alie. Mjomba akajikohoza, akasema ana uzi wa kwenda kununua, ingawa nyuma yake rafu nzima ilikuwa imejaa uzi, akaondoka.

Kobe alikuwa amepiga magoti mbele ya kochi kubwa la rangi ya kijani, mgongo mlangoni. Hakumsikia. Mizania akasimama kimya na kuangalia, na alichokiona kilimshangaza. Mikono ya Kobe ilikuwa inakimbia. Mkono wa kushoto ulivuta kitambaa, wa kulia ukatoa msumari mdomoni, nyundo ikagonga mara mbili, tayari mwingine. Vuta, gonga, gonga. Kwenye kona alikunja kitambaa mikunjo mitatu bila kupima, akakipapasa kwa kidole gumba, kikalala kama kimezaliwa pale. Huyu mtu ambaye alihitaji nusu saa kuandika kichwa cha habari!

"Kobe."

Nyundo ilisimama hewani. Aligeuka taratibu, akatema misumari kiganjani, moja, mbili, tatu. Alikuwa amekonda. Ndevu zimemwota ovyo, nyuzi za kijani zimemnasa nyweleni. Walitazamana mpaka Mizania akasahau alichokuja kusema.

"Umekula?" Kobe aliuliza.

Hasira zikampanda Mizania ghafla. "Usiniulize kama nimekula! Majuma matatu! Nimefanya mitihani miwili naangalia kiti chako, nikidhani uko hospitali, nikidhani umepata mwingine, nikidhani nimekukosea. Nilikukosea nini?"

"Hukunikosea."

"Basi kwa nini?"

Kobe alikaa chini sakafuni, akaegemea kochi. "Unakumbuka siku ile ulipochora ofisi yetu? Nyuma ya daftari. Meza yako hapa, yangu pale, kabati la mafaili katikati. Ulikuwa unachora huku unaimba. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni, roho inaniuma kama jino. Kwa sababu nilijua sitaweza kukaa kwenye ile meza hata wiki moja." Akafuta jasho kwa mkono. "Hesabu sizipendi, Mizania. Sijawahi kuzipenda. Mwaka wa kwanza nilikaa kwa sababu ya baba. Ile miwili iliyobaki nilikaa kwa sababu yako. Nilipenda unavyonieleza. Ungenieleza hata namna ya kupika mawe, ningesikiliza."

"Ungeniambia."

"Ningekuambiaje? Wewe umeacha kila kitu kwa ajili ya hiyo shahada. Mimi niseme imenishinda? Niliogopa utaniona mtoto."

Mizania alichuchumaa mbele yake. Walikuwa karibu kiasi cha kusikia pumzi ya mwenzake. Aliinua mkono, akamtoa uzi mmoja nyweleni. Neno lilikuwa tayari mdomoni mwake, jepesi kabisa. Alifikiria sebule ya mzee ikiwa na kiti chake yeye. Alifikiria mama yake akifungua mlango na kukuta wageni wamekuja kumwomba binti ambaye majirani walishamfuta.

"Rudi," alisema. "Jumatatu. Ufanye ule mtihani mmoja. Ile miwili uliyokosa utairudia, nitakusaidia. Fanya kwa ajili yangu."

Kobe alimtazama. Kisha akasema, "Sawa."

Hivyo tu. Hakubisha, hakuuliza. Alisimama, akaweka nyundo ndani ya kisanduku, akapanga na misumari, akakikunja kitambaa kilichobaki, halafu akapeleka mikono nyuma ya kiuno kufungua kamba za aproni. Na hapo Mizania aliona mikono ileile iliyokuwa inakimbia ikianza kujivuta, kidole kimoja kimoja, ikihangaika na fundo dogo ambalo mtoto angelifungua. Uso wake ulikuwa umetulia, mtiifu, mbali. Aliujua uso ule. Ndio aliokuwa akiuvaa yeye mwenyewe miaka saba, kila alipoitwa jikoni na mama mkwe.

"Usivue," alisema.

"Nini?"

"Usivue hiyo aproni, Kobe. Niache niseme." Naye akainuka. "Baba yako alikuja maktaba leo. Ameniambia nikikurudisha atakubali tuoane. Ataenda kwa mama yangu. Ataniita mwanawe. Ndiyo maana nimekuja."

Uso wa Kobe ulibadilika rangi. "Amekununua?"

"Nilikuwa karibu kununuliwa."

"Na sasa?"

"Sasa sikuombi tena."

Kobe aliupiga mkono wa kochi kwa ngumi, vumbi likaruka. "Ungenyamaza tu! Ungekaa kimya, ningerudi! Kwa nini umeniambia?"

"Kwa sababu ungerudi." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Ungerudi, ungepata shahada, ungekaa kwenye ile meza niliyochora, na kila asubuhi ningekuona ukihangaika na lile fundo. Mimi siwezi kulala pembeni ya mtu niliyemfanya hivyo."

Nje gari lilipita polepole, likipiga honi kwenye uchochoro. Kobe alisogea, akamshika mikono yote miwili. Viganja vyake vilikuwa vimekwaruzika.

"Basi tuoane bila yeye. Jumanne, ukishamaliza mtihani. Mjomba atasimama kwa upande wangu. Tutapanga chumba hapahapa mtaani. Mizania, niangalie. Tuoane."

Ni maneno aliyoyasubiri miaka miwili. Alitamani kuyafumbata na kukimbia nayo.

"Nimeshaolewa kwenye nyumba ambayo sikutakiwa," alisema. "Miaka saba nilikula huku naangalia mlango. Watu wakicheka chumba cha pili, nilijua ni mimi. Wewe ni mtoto wa pekee, Kobe. Leo una hasira naye. Mwakani ataumwa, utataka kwenda kumuuguza, na mimi nitabaki nje ya geti nimeshika kapu la matunda. Darasa hilo nimeshalisoma. Silirudii."

"Kwa hiyo unaniacha."

"Sikuachi."

"Hutaki tuoane, hutaki tuachane. Tunafanyaje?"

"Wewe unamaliza kochi. Mimi namaliza mtihani."

"Na sisi?"

Mizania, aliyekuwa na jibu la kila swali tangu mwaka wa kwanza, alitikisa kichwa. "Sijui," alisema. "Sijui, mpenzi wangu."

Alitoa mikono yake mikononi mwa Kobe, taratibu, akatoka. Uchochoro ulikuwa mrefu. Alitembea akisubiri kusikia nyundo ikianza tena nyuma yake, lakini alipofika barabara kubwa ilikuwa bado kimya.

*

Mzee Mkaguzi alifungua mlango mwenyewe kabla Mizania hajabisha mara ya pili. Alikuwa bado na suti.

"Amekubali?"

"Alikubali, mzee. Mimi ndiye niliyekataa."

Mzee alimkazia macho. "Sikukuelewa."

"Nilimwomba arudi, akasema sawa. Halafu nikamwambia asirudi."

"Unajua ulichokitupa?"

"Najua."

"Basi tusilaumiane." Alishika mlango kuufunga. Mizania aliaga, hakuitikiwa, akashuka ngazi. Alikuwa ameshaligusa geti sauti ilipomfikia, ndogo, si ya mzee yule wa asubuhi.

"Binti. Ile kazi... anaiweza kweli?"

Aligeuka. Nyuma ya mzee, sebule ilikuwa na makochi ya watu kumi na hakuna mtu hata mmoja.

"Anaiweza, mzee. Mikono yake haina ukobe hata kidogo. Nenda ukamtazame, usiseme neno, simama tu mlangoni."

"Mama yake naye alikuwa mwepesi wa mikono," mzee alisema, kama anayejisemea. Kisha akafunga mlango.

*

Jumatatu ilikuwa usimamizi wa fedha, mtihani wa saa tatu nzima. Kiti cha Kobe, mbele yake, kilikuwa kitupu, karatasi ya namba imebandikwa, na msimamizi alipopita aliandika alama ya kutokuwepo bila kusimama. Mizania aliinama, akaandika. Alijibu maswali yote. Kwenye la mwisho alikosea kubonyeza kikokotoo mara mbili, jambo lisilowahi kumtokea, akaanza upya, akalipata.

Nje kulikuwa na kelele za ukombozi. Vijana walikuwa wanarusha madaftari juu, wanakumbatiana, wanalia kwa vicheko. "Mizania! Mizania, njoo!" kundi moja lilimwita kwenye ngazi. Alijipangusa uso, akatengeneza kola, akawaendea akitabasamu. Mmoja akamwekea simu mkononi. "Tupige, tafadhali. Hakikisha na jengo linaonekana."

Aliwapiga picha tatu. Zote zilitoka vizuri.

Alipokuwa anavuka uwanja, simu yake mwenyewe ikaita. Alikuwa mama yake, kutoka mbali, safari ya siku nzima.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mama."

"Alhamdulillahi, mwanangu. Umemaliza kweli! Mbona sauti imekauka hivyo?"

"Uchovu."

"Uko na nani hapo?"

Siku zote alikuwa na jibu tayari: niko na wenzangu, tunaenda kula, tunacheka tu. Alitazama nyuma, kwenye ngazi, halafu mbele, kwenye barabara.

"Niko peke yangu, mama."

Upande wa pili alisikia kiti kikivutwa.

"Unaelekea wapi sasa?"

"Chumbani."

"Ni mbali?"

"Dakika ishirini, kwa mguu."

"Basi tembea. Usikate simu. Mimi nachambua maharage hapa, siendi popote."

"Tuongee nini, mama?"

"Nani amesema tuongee?"

Mizania alibana simu sikioni, akatembea. Alipita duka la vitabu, akapita kituo cha mafuta, akangoja magari, akavuka, na muda wote alisikia maharage yakidondoka kwenye sinia, moja moja, mpaka akafika mlangoni kwake.